Hopsi Zilizokwenda kwa Samaki

Tulipomzika mume wangu kwao, upande wa Bondo, bia yake ya mwisho ilikuwa bado inachacha kwenye ndoo nyumbani kwetu Kisumu. Aliipika akiwa mzima. Baadaye kidogo homa ikamshika, akaingia hospitalini akitembea, akatoka amebebwa.

Alikuwa fundi wa friji. Kutengeneza bia alijifunza polepole, kwa kuuliza watu na kuharibu. Ya kwanza iligeuka siki, tukaimwagia mgomba. Mimi ni mtu wa kanisa na si mnywaji, lakini nusu glasi nilikunywa naye jikoni, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu alipenda kuniangalia usoni ninapoonja.

Kuchacha kwenyewe hakukunishangaza. Bibi yangu alipika busaa, pombe yetu ya nafaka, na nimelala utotoni nikisikia mtungi ukinong'ona kwenye kona. Kitu ambacho sikuwahi kukiona ni hopsi. Ni maua ya mmea wa nchi za baridi. Yanakaushwa, yanasagwa, kisha yanakandamizwa kuwa vidonge vidogo vya kijani. Mume wangu aliagiza vyake Nairobi, vikaja kwa basi ndani ya pakiti inayong'aa kama fedha. Vichache alivichemsha pamoja na maji ya shayiri. Pakiti nyingine aliiweka kwenye friza, chini kabisa, chini ya samaki wangu wa kuuza, na hiyo haikuguswa na moto.

"Ukivichemsha unapata uchungu," aliniambia. "Ukivitia kwenye bia ikiwa imepoa, unapata harufu."

Alisubiri mpaka bia itulie na ule mrija wa kwenye kifuniko uache kutoa mapovu. Hapo alifungua ndoo haraka, akamimina vidonge, akafunga. Vilielea, vikavimba, vikavunjika kama mboga iliyopikwa sana, mwisho vikazama. Siku ya kufungua tena, jikoni palinukia ganda la chungwa na nyasi zilizokatwa sasa hivi. Na yeye alinukia hivyo. Mikono, kola ya shati, hata mto.

Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa kwa mama mkwe, watu wakija, wakiomba, wakienda, mimi niliwaza kitu kimoja. Ile bia ilikuwa imebakiza kazi moja, na kazi hiyo naijua. Nitarudi, nitatia vidonge, nitafunga. Siku nitakayofungua nitamnusa tena mume wangu. Nguo zake zote shangazi zake walikuwa wameshazifua kabla sijasema neno. Walikuwa wananisaidia. Sina kinyongo nao. Lakini mahali pengine pa kumnusa hapakuwapo.

Niliporudi Kisumu nilikuta friza imezimwa, imeoshwa, mlango umeachwa wazi ili ikauke. Samaki nilijua walikokwenda. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa na ufunguo, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia awachukue wakaliwe na waombolezaji. Nikampigia simu.

"Shem, pale chini kulikuwa na pakiti ya fedha."

"Ile? Nilichukua, shem. Si ilikuwa yangu?"

"Yako?"

"Chakula cha samaki. Nimeshawapa."

Shemeji ana bwawa la samaki huko Ahero. Chakula cha samaki kinatengenezwa hivyo hivyo, vidonge vidogo vikavu, na aliyekuwa akimnunulia mjini ni mume wangu. Wakati mwingine alimletea pakiti ndogo ya kujaribu kwanza. Mtu wa huku anayefuga samaki, akikuta vidonge kama vile nyumbani kwa kaka yake, angewaza nini kingine?

Sikuweza kukaa. Mama mkwe alikuwa ameniambia mjane haingii boma la mtu mwingine mpaka watu wa ukoo wamalize mila zao, na mimi sikutaka kumvunjia heshima. Lakini kusimama nje ya ua hakuna aliyenikataza. Nikaenda Ahero, nikasimama kando ya barabara, nikamwita.

"Karibu, shem. Mbona umesimama huko kama mdai?"

"Unajua kwa nini."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako. Mama amesema."

"Basi kama ni Mama, hata mvua ingesubiri." Akaleta kiti cha plastiki, akakipitisha juu ya ua, nikakaa upande wangu. Bwawa lilikuwa nyuma yake, karibu, maji yakiwa na utando wa kijani kwenye kona moja.

"Unaona ule?" alisema. "Ni kile chakula. Samaki wamekikataa. Wanakuja, wanaonja, wanatema. Nimewatukana! Nimewaambia, nyinyi mna dharau, hiki ni chakula cha marehemu."

Nilicheka kidogo, nikashangaa kwamba nimecheka. Yeye hakuwa anacheka tena.

"Siku ile nafungua friza," alisema, "nikaiona ile pakiti, nililia, shem. Nikasema, omera, ndugu yangu, mtu anaumwa namna hii na bado ananikumbuka. Niliwapa samaki mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aishike." Akafuta uso kwa kiganja. "Alikuwa ameninunulia mimi, sivyo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilijua wakati ule ule kwamba ningeweza, na kwamba asingejua kamwe. Lakini mimi sijawahi kuweza kusema kitu ambacho si kweli na kisha nikala chakula changu vizuri.

"Hapana," nilisema. "Zilikuwa hopsi. Za kutia kwenye bia yake ili inukie. Nilikuwa narudi kuzitia."

Aligeuka akaangalia maji.

"Kwa hiyo hakunikumbuka."

"Alikuwa mgonjwa, shem."

"Na wewe nimekumalizia hopsi zako."

"Hukujua."

"Basi," alisema. "Basi."

Nikamwomba anichotee maji ya bwawa, pale penye utando. Akayaleta kwenye karai, akalipitisha juu ya ua bila kuniuliza ya nini. Niliinama nikanusa. Tope. Samaki. Chini ya hapo palikuwa na kitu kingine, au nilitaka kiwepo. Siwezi kuapa. Nilimrudishia karai lake.

Nyingine sikuweza kuagiza. Namba ya muuzaji wa Nairobi ilikuwa kwenye simu ya mume wangu tu, na simu hiyo inafunguliwa kwa namba ya siri aliyoijua yeye peke yake. Isitoshe, alikuwa akiniambia hopsi zina aina nyingi na kila aina ina harufu yake. Sikuwahi kumuuliza zake zinaitwaje. Niliiacha ndoo pale kwenye kona nikiipita asubuhi na jioni, mpaka nikaogopa kwamba bia yenyewe itaharibika. Mwishowe niliitia kwenye chupa jinsi nilivyomwona akifanya, na sukari kidogo kila chupa ili itoe povu, nikaziba.

Mila zilipokwisha, shemeji alikuja Kisumu. Nilifungua chupa moja, nikamimina glasi mbili. Rangi ilikuwa ile ile. Povu lilisimama vizuri, mume wangu angelisifu. Nikaweka pua. Ilinuka mkate uliolowana, basi.

Tulikunywa. Shemeji alipofika nusu ya glasi aliiweka chini.

"Ingekuwaje?" aliuliza. "Kama nisingechukua."

"Ingenukia."

"Kama nini?"

"Ganda la chungwa."

"Kama juisi?"

"Hapana, si juisi. Ganda lenyewe. Na nyasi."

"Nyasi za ng'ombe?"

"Hapana. Nyasi zilizokatwa..." Maneno nilikuwa nayo, yale yale niliyojiambia kwa mama mkwe, kando ya barabara Ahero, na kila nilipoipita ile ndoo. Nilifumba macho nikatafuta harufu yenyewe ambayo maneno hayo yanaieleza. Nilitafuta kwenye kola, kwenye mto, hapo hapo jikoni tulipokuwa tumekaa. Haikuwapo.

"Endelea, shem," alisema. "Nakusikiliza."