Asubuhi Nisizokamua

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Naandika kwa sababu kulisema jambo hili kwa mdomo siwezi.

Kwetu ni upande wa Ngorongoro, njia ya kwenda Wasso. Sisi ni wafugaji. Kila asubuhi kabla ya shule mimi ndiye niliyekamua ng'ombe. Lakini kwa desturi yetu msichana akiwa kwenye siku zake hakamui, wala hashiki kibuyu cha maziwa. Wanasema ng'ombe atakauka. Asubuhi hizo yeyo, yaani mama, aliniambia tu, "Leo kaa pembeni," akaenda zizini mwenyewe. Basi boma zima linajua. Baba anajua, kaka zangu wanajua, hata mgeni aliyelala kwetu anajua. Vitambaa nilivificha vizuri, vipande vya kanga kuukuu, lakini maziwa yalinitangaza.

Mtoto wa baba mdogo tulisoma naye darasa moja. Ndiye aliyepeleka habari shuleni. Wavulana wakawa wananiuliza kwa adabu ya uongo, "Dada, leo kwenu amekamua nani?" Nikaanza kubaki nyumbani siku hizo, nasingizia tumbo. Nilipofika darasa la saba nikaacha kukosa. Kwetu msichana akishindwa shule, kinachofuata ni mahari, na mimi nilikuwa bado naogopa kuolewa.

Siku moja mwalimu wa hesabu, mama mmoja mgeni kutoka Mwanza, aliniita ubaoni nikokotoe hesabu ya sehemu. Nilikuwa nimeshahisi sketi imelowa. Sikuinuka.

"Nimesema njoo."

"Mwalimu, siwezi."

"Huwezi hesabu au huwezi kusimama?"

Yule ndugu yangu akadakia, "Mwalimu, msamehe tu. Leo hakukamua!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu hakuelewa. "Kukamua na sehemu vinahusiana nini? Hebu simama!"

Nikasimama. Waliokaa nyuma yangu wakanyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kicheko. Mwalimu akaona dawati. Akavua sweta lake, akanifunga kiunoni mbele ya wote, akanitoa nje. Chooni hakukuwa na maji. "Mbona hukuniambia, mwanangu?" akauliza. Nilitazama chini mpaka akaniruhusu niende nyumbani.

Yeyo alifua sketi ile yeye mwenyewe, akaniuliza nani alisema. Nilimtaja. Asubuhi yake, baba akinywa chai na wote wapo, akasema, "Huyu ana mtihani. Mpaka amalize, nakamua mimi kila siku."

Baba akamwangalia. "Na hiyo mikono yako inayouma?"

"Itauma."

Ikawa hivyo. Wavulana waliponiuliza amekamua nani, nikajibu yeyo. Na jana? Yeyo. Wakachoka wenyewe. Sikukosa tena siku hata moja. Lakini jioni nilimwona yeyo akikunjua vidole taratibu karibu na moto, nikashindwa kumtazama usoni, maana alikuwa anaumia kwa ajili ya jambo nisiloweza hata kulitaja.

Mtihani nilifanya, nikiwa nimekaa kwenye dawati langu kama wengine. Sikufaulu. Hesabu zilikuwa zimenipita kwa zile siku nilizokuwa nakosa mwanzoni. Kabla baba hajaanza kuongea na watu habari za mahari, yeyo akanipeleka kwa dada yake, Karatu.

Sasa nafua mashuka kwenye loji. Wageni wengine wanaacha shuka lina damu, wanapanda gari kwenda kutazama wanyama, hawana habari. Mimi naliona, mwili wote unakuwa wa moto. Nalitoa kwenye rundo, nalifua la kwanza kabla wenzangu hawajaliona, kana kwamba ni langu.

Wasichana mnaosoma hapa, kwenu mlifanyaje? Nani alijua, na mliwezaje kusimama tena mbele ya watu? Niandikieni, hata mistari miwili. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote.