Kofia ya Hewa ya Oddleiv Hovden

Nimekaa kwenye dirisha la stoo ya yadi yetu ya meli miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo nimewadharau watu wengi, lakini hakuna niliyemdharau kwa raha kama Oddleiv Hovden. Alikuwa fundi bora wa kuchomelea vyuma katika ghuba yetu nzima. Alilijua hilo, na alihakikisha na sisi hatulisahau.

Vifaa vyake alivitunza kama mboni ya jicho. Nyundo ndogo ya kubandulia ganda la chuma, brashi ya waya, klampu, glopu ya akiba ya taa yake, kila kimoja kilikuwa na mahali pake ndani ya sanduku, na aliyekigusa alijuta. Vijiti vya kuchomelea ndiyo usiseme. Huwa naviweka kwenye kabati lenye joto, maana kijiti kikipata unyevu mshono hutoka na vitundu. Bwana mkubwa alikuwa akivipapasa kimoja kimoja, anadai vimepoa, ananirudishia pakiti nzima huku akiniangalia kana kwamba nimemuuzia samaki aliyeoza. Lakini mwili wake haukuwa na mlinzi. Glavu zilitoboka vidole, na aproni ya ngozi aliyorithi kwa baba yake ilikuwa imebaki mikanda tu. Ngao ya uso aliivaa, kwa sababu bila hiyo asingeuona mshono wake mzuri.

Na moshi? Kwa moshi alikuwa na maziwa. Kila akienda kuchomelea chuma kilichopakwa zinki, alikunywa lita nzima kabla na nyingine baada ya kazi, kama walivyofanya wazee wa yadi, eti maziwa hufyonza sumu. Nilimwambia mara mia kwamba maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni. Alinijibu kwamba mtu wa kupimia watu glavu asimfundishe yeye kupumua.

Miaka minane iliyopita zikaletwa kofia za hewa. Ni ngao ya uso iliyofungwa kwa bomba na mashine ndogo ya kiunoni, inayochuja moshi na kukupulizia hewa safi. Mafundi wetu wa Poland walizichukua siku ile ile, maana wana akili na watoto. Oddleiv alikuja akawatazama, akawauliza mizinga yao ya nyuki iko wapi. Tangu hapo kila aliyeivaa aliitwa mfuga nyuki. Wanaume wawili wa mji wa Volda, watu wazima wenye ndevu, walizirudisha dirishani kwangu wakiona haya. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa maziwa. Ujinga wa mtu mmoja navumilia, ila ule wa kuambukiza sivumilii.

Januari mwaka huu daktari wa kazini alitupima mapafu. Unapuliza kwenye bomba, mashine inatoa namba. Namba ni siri ya mtu na daktari wake, lakini Oddleiv alimwambia dada yake Gudny, na Gudny ni jirani yangu. Alinifuata nikiwa nafagia theluji mlangoni.

"Kapewa mpaka Mei," alisema. "Namba ikishuka tena, wanamtoa kwenye kuchomelea. Na huyu hana mke, Jorunn, hana shamba, hana hata mashua. Akija kwako kuomba ile kofia, mpokee vizuri."

Nikamwambia nitampokea. Moyoni nilifurahi, sitaki kuficha. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema, sasa limesikia. Nilichagua kofia moja nzuri, nikaijaza betri chaji, nikaiweka rafu ya nyuma yangu, nikamngoja.

Alikuja Jumanne moja ya Machi, saa moja asubuhi, siku waliyompangia kuchomelea mabomba yaliyopakwa zinki ndani ya tangi la meli. Mvua ilikuwa inanyesha, na watu saba walikuwa wamejibanza chini ya kibaraza changu wakifunga buti zao. Kwa kawaida Oddleiv hupita mbele ya foleni bila hata salamu. Siku hiyo alisubiri wote wahudumiwe. Kisha akaegemea dirisha, akashusha sauti.

"Nipe moja ya zile."

"Zile zipi?"

"Unazijua, Jorunn."

Nilizijua. Ningenyoosha mkono tu. Lakini miaka minane ilikuwa imenikaa kooni, na pale palikuwa na watu wa kusikia.

"Jamani, msogezeeni mzinga," nikapaza sauti. "Oddleiv kaanza kufuga nyuki."

Walicheka wote saba. Wale wawili wa Volda walicheka kuliko wengine. Nilitegemea atanitukana, na tusi nilishaliandalia jibu. Hakunitukana. Shingo ilimgeuka nyekundu tu, akasema basi nimpe glavu, nikampa glavu, akaondoka nazo mvuani.

Kofia niliitoa rafuni nikaiweka kaunta, nikijua atarudi. Ilikuwa bado iko pale tulipofungua mikate yetu ya jibini la kahawia, chakula chetu cha mchana, saa tano na nusu. Kutoka kwangu hadi kwenye lile tangi ni hatua mia mbili. Sikuzitembea. Nilijiambia mtu mzima hapelekewi kitu, anakuja kuchukua.

Saa saba walimtoa tangini kwa kamba, midomo imekuwa ya buluu. Alilala hospitali wiki tatu. Mei hakuna aliyejisumbua kumpima; kila mtu alijua hatachomelea tena.

Mkaguzi wa serikali alikuja na buti ambazo hazijawahi kuona tope, akauliza kila mtu kama Hovden alikuwa amepewa vifaa vya kujikinga. Wale saba hawakusikia lolote asubuhi ile. Mvua ilikuwa kubwa, walisema. Mimi nilisema kofia ilikuwepo, imejaa chaji, na hilo lilikuwa kweli. Nikangoja maelezo ya Oddleiv mwenyewe. Yalifika kutoka kitandani kwake, maneno mawili: sikuomba kofia.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa na mrija puani, na kila sentensi aliivuta kwa shida.

"Kwa nini umeandika hukuomba?" nilimuuliza.

"Ulitaka niandike nini? Kwamba nimeua mapafu yangu kwa kuogopa kuchekwa na mwanamke wa stoo?" Akapumzika. "Usijidanganye nimekuficha wewe. Acha waniite mjinga, nimeshazoea."

"Mimi naweza kusema ukweli."

"Basi sema. Karatasi ya mkaguzi inakuja kwako."

Ilikuja Ijumaa. Niliinyoosha juu ya kaunta nikaisoma mara tatu: vifaa vilikuwepo, mfanyakazi hakuviomba. Chini palikuwa na mstari wa sahihi na jina langu. Nje wale wa Volda walikuwa wanasubiri kofia za hewa, wanazivaa wote siku hizi, na mmoja akaniuliza mbona nachelewa leo. Nikamwambia angoje kidogo. Nikatafuta kalamu, nikatia sahihi.