Njia Isiyopanda

Kwa miaka ishirini na sita fundi wa lifti alishuka mlima mmoja kwa baiskeli kila asubuhi kwenda kazini, na jioni akaupanda uleule kurudi nyumbani. Kushuka hakukuhesabu. Kushuka ni kazi ya breki, alisema. Yeye siku yake ilianza jioni, pale chini penye duka la matairi, barabara inapoinua kichwa. Hapo alibana midomo, akabadilisha gia mbili, akanyanyuka kwenye tandiko. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ukuta mrefu wa shule, kisha lango lake la bati. Majirani walimwita Mbuzi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile la kwenye kitambulisho. Hata mkewe alimwita Mbuzi akiwa na furaha. Akikasirika alimwita baba.

Nyumba aliichagua mwenyewe walipooana. Zilikuwapo mbili za kupanga, moja chini karibu na hospitali, ambako mkewe alishona mashuka na mapazia ya wodi, na nyingine huku juu, ambako maji hukatika na upepo haukatiki. Alichagua ya juu, tena bila kuona haya.

"Wewe ulioa mlima kwanza," mkewe alizoea kumwambia mbele ya wageni. "Mimi nilikuja mke wa pili, na mpaka leo sijaonyeshwa chumba changu."

Wageni walicheka, naye Mbuzi akacheka, akijisugua goti.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu wengine hawapandi ngazi. Alihudumia majengo kumi na manne. Vyumba vya mota vya majengo hayo viko juu kabisa chini ya paa, vina joto la tanuri na harufu ya grisi ya zamani, na humo ndimo alimokula chakula chake cha mchana kwa miaka yote hiyo. Kamba za chuma alizikagua kwa kitambaa cha pamba. Alikipitisha taratibu toka juu hadi chini, na penye uzi mmoja uliokatika kitambaa kilinasa. Mtu akikwama ndani ya lifti, alizungumza naye kupitia mlango uliofungwa, "Vuta pumzi, mama, mimi nipo hapa. Lifti haianguki, inasusa tu." Kisha alipanda ghorofa ya juu yake, akafungua kwa ufunguo wake wa pembe tatu, akaingia kwa njia ambayo mwenye jengo mwenyewe hakujua kuwa ipo. Daima kuna njia nyingine. Hilo halikuwa kwake wazo, ilikuwa mazoea ya mikono.

Moyo ulipomgomea, ulimgomea katika ngazi nyembamba ya chuma iendayo chumba cha mota, begi la vifaa begani. Hakuanguka. Alikaa tu kwenye kidaraja cha tisa na kushindwa kufika cha kumi, mpaka mlinzi wa jengo alipokuja kuona kwa nini lifti bado haijawashwa.

Daktari aliwapokea wote wawili, mume na mke. Alieleza kwa upole kwamba moyo umetanuka kama fulana iliyofuliwa mara nyingi, haurudi tena kubana. Alitoa dawa za aina tatu na namba moja. Namba hiyo ilikuwa mia moja na kumi.

"Mapigo mia moja na kumi kwa dakika. Yakifika hapo, unasimama. Hubishani nayo."

"Na baiskeli?" Mbuzi aliuliza.

Daktari aligeuza karatasi zake. "Tambarare. Taratibu. Labda."

Mkewe alisikia tambarare na taratibu. Yeye alisikia labda, akaondoka nayo.

Nyumbani walijadiliana mpaka chai ikapoa. Mkewe alitaka baiskeli iuzwe wiki hiyohiyo. Basi lipo, alisema, mtaa mzima unapanda basi na unafika. Mbuzi akamweleza kuwa siku hizi kuna kompyuta za baiskeli, si kile kidude chake cha kuonyesha mwendo tu, bali zile kubwa zinazosoma setilaiti, zina ramani, zinapima kila mwinuko, na zinasikiliza moyo kwa mkanda unaovaliwa kifuani. Moyo ukizidi, kifaa kinalia. Ukitaka njia nyingine, kinakutafutia.

"Kinakutafutia wapi? Hapa tunapokaa pamehama?"

"Njia ya kuzunguka. Ya polepole."

Mkewe aliuma uzi uliokuwa ukining'inia kwenye mkono wa gauni lake, akautema. "Wiki mbili, baba. Ukipata kidude kitakachokufikisha langoni bila kuvuka hiyo mia na kumi, endelea na baiskeli yako, sitasema neno. Usipopata, inaondoka, na sitaki kuona hata pampu yake."

Wakakubaliana hivyo.

Duka la baiskeli lilikuwa la mtu mmoja mwembamba, mwendesha mashindano wa zamani, ambaye watu walimwita Spoku. Vifaa vya bei kali alivifungia kwenye kabati la kioo kama dhahabu. Mbuzi hakumwambia habari za moyo. Hakumwambia mtu yeyote. Wenzake wa kikundi cha baiskeli cha Jumapili aliwaambia kuwa goti linamsumbua.

"Nipe kilicho bora kabisa," alisema.

"Bora kwa nini? Kuna bora kwa betri, bora kwa ramani, na bora kwa kujionyesha."

"Kinachotafuta njia. Nataka njia isiyopanda."

"Ya kwenda wapi?"

"Nyumbani."

Spoku akacheka mpaka akashika kabati. "Mbuzi, kwako ni juu. Labda unitume mimi nikuhamishe." Akamtazama tena, akaona mwenzake hacheki, akafungua kabati. "Basi chukua hiki siku tatu. Kikikataa, rudi uchukue kingine. Ukivunja, umenunua."

Kifaa cha kwanza kilikuwa kidogo, cha vitufe, betri yake hudumu wiki. Mbuzi alifunga mkanda kifuani chini ya shati la kazi, akakibana kifaa kwenye usukani, na jioni akaanza kupanda kwa gia nyepesi kuliko zote, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Kabla ya kona ya kwanza kilisoma tisini na sita. Katikati ya kona kilisoma mia na nane. Kabla ya ya pili kililia. Alisimama, mguu mmoja chini, akangoja. Watoto wa shule walimpita kwa miguu wakimsalimu, "Shikamoo, Mbuzi." Akaitika marahaba huku akitazama namba. Siku ya pili kililia mahali palepale. Siku ya tatu kililia mapema zaidi, kwa sababu alishaanza kuogopa kabla ya kufika.

Hakuona kwamba tatizo ni mlima. Aliona tatizo ni kifaa. Kile kilijua barabara kubwa tu, kama mgeni wa mji, na yeye alikuwa amezoea majengo ambayo michoro yake haionyeshi mlango wa nyuma. Akakirudisha, akachukua cha pili, chenye skrini pana ya kugusa na ramani yenye hata vichochoro. Saa ya chakula cha mchana alikaa chumba cha mota, mkate juu ya paja, akichora njia kwa kidole: kupitia nyuma ya karakana ya mbao, kupitia mfereji wa maji ya mvua, kupitia machimbo ya kokoto. Kila aliyochora, kifaa kilimjibu kwa namba mbili, urefu wa njia na jumla ya kupanda. Urefu ulibadilika. Kupanda hakukubadilika. Mita mia moja na themanini na mbili, mia moja na themanini na mbili, na kupitia machimbo mia mbili na tano, kwa sababu huko unashuka kidogo kabla ya kupanda tena.

Hesabu hii aliijua kuliko mtu yeyote mjini. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia wenye majengo kwamba lifti ya polepole na lifti ya kasi hubeba mzigo uleule kwa kimo kilekile, mota haisamehewi kitu. Aliijua akiwa kazini. Jioni, penye duka la matairi, aliisahau kwa makusudi, akakata kushoto kwenda machimbo. Kifaa kililia mara nne. Mara ya nne Mbuzi alikaa juu ya rundo la kokoto na kungoja robo saa, na namba ikateremka polepole, mia na tano, mia na tatu, kama mtu anayeshuka ngazi huku amechukia.

"Hiki nacho hakifai?" Spoku alimuuliza siku ya saba.

"Hakitafuti vizuri."

"Kaka, kinatumia setilaiti ishirini na kitu. Unataka kitafute na wewe uwe umefumba macho?"

"Kile cha juu kabisa kikoje?"

Spoku alikitoa kwenye boksi lake. Bei yake aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Kilikuwa kizuri, lazima tuseme. Skrini yake ilisomeka hata juani, na mlima ulipokaribia kilikuchorea mgongo wake wote kabla hujaugusa: kijani penye nafuu, njano, chungwa, na nyekundu iliyokolea penye mateso, na pembeni mita zilizobaki.

"Hiki hakimbembelezi mtu," alisema Spoku. Kisha, bila kumtazama, akipangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi: "Mbuzi. Juu ya mkanda wa moyo umeniuliza mara tatu, na goti hujalitaja hata mara moja."

Mbuzi alifunga boksi, akalitia begini. "Nitakurudishia Alhamisi," alisema.

Hakupata njia. Alijaribu barabara kubwa kwa kupumzika kila nguzo ya umeme. Alijaribu mapema kabla jua halijachoma, akiomba ruhusa kazini kama mtu anayekwenda msibani. Kila mara rangi nyekundu ilimngoja mahali palepale kwenye skrini, na kila mara, akiwa bado kwenye njano, kifaa kililia. Hata kukichukia alishindwa, maana hakikumdanganya hata mara moja.

Jumatano, siku ya mwisho, aliamua kushuka na kuisukuma baiskeli. Hakuna aliyesema lazima aendeshe. Akikokota baiskeli kwa miguu mpaka langoni bila kuvuka namba, atakuwa amefika nayo. Mkewe hakuweka sharti la tandiko. Alianza saa kumi na moja, mkono mmoja kwenye usukani, akitembea kama anayebeba bakuli lililojaa. Mia na moja. Mia na nne. Alipofika kona ya pili kifaa kililia, naye alikuwa kwa miguu yake, hakuharakisha, hakubeba kitu.

Akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Hapo ndipo basi lilipomkuta. Mkewe alimwona kupitia dirisha, akagonga bati kwa pete, akashuka na mfuko wake wa vitambaa.

"Umeanguka?"

"Hapana. Nimeisukuma tu."

Mkewe akatazama kifaa, kikilia taratibu, akatazama uso wa mumewe. Alikaa kando yake mpaka mlio uliponyamaza.

"Nimejaribu vyote," Mbuzi alisema. "Hata hiki."

"Najua."

"Kwa miguu pia kinalia, mama."

Mkewe aliinuka, akakung'uta gauni. "Wewe pumzika. Mimi nitaifikisha pale kwenye ukuta wa shule, halafu nakurudia." Akashika usukani, akaanza kupanda, kiuno kimepinda, viatu vya kazi vikikwaruza lami. Mbuzi alimtazama akienda na baiskeli yake. Hakuna mtu aliyewahi kuishika mlimani isipokuwa yeye.

Alipofika mbali kidogo, mkewe aliinamia skrini kusoma namba. Hakukuwa na namba. Mahali pa moyo palikuwa na vistari viwili. Hakuwa ameelezwa kwamba sauti ya mkanda haifiki mbali, kwamba hatua chache tu kifaa humpoteza mwenye moyo. Aliiachia baiskeli ikaanguka ubavu, akateremka mbio, kanga ya kichwani imedondoka, na Mbuzi aliyemwona akija vile alielewa haraka, akanyoosha mkono juu. Mkewe hakusimama. Alimfikia, akatia kiganja ndani ya shati lake, juu ya mkanda uliolowa jasho.

"Nipo," alisema Mbuzi. "Ni kifaa tu. Hakisikii mbali."

Mkewe hakutoa mkono. Alikuwa akihema kuliko yeye. "Mimi sitaki kukisoma tena hicho kitu," alisema. "Sitaki, baba. Kila siku nitakuwa nakisoma."

Mbuzi akatazama juu barabarani. Gurudumu la mbele lilikuwa bado likizunguka. Alijua kwamba angepewa wiki mbili nyingine, angezichukua, na angekaa tena kwenye ukingo huu, na mwanamke huyu angeteremka tena mbio hivi.

"Iuze," alisema.

Basi lililofuata lilikuwa karibu tupu. Mbuzi alilipungia mkono. Mbele kidogo kondakta alishuka mwenyewe kuiokota baiskeli, akaiegemeza kwenye kiti cha nyuma, huku akitangazia abiria, "Jamani, Mbuzi kapanda basi. Funikeni mahindi yenu, leo inanyesha mvua ya mawe." Abiria walicheka kwa upendo, naye akacheka nao, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Alikaa karibu na baiskeli, na kifaa kikausikia tena moyo wake. Basi liliingia kona ya tatu, injini ikilalamika. Kwenye skrini rangi ilikuwa nyekundu tupu. Namba ilisoma tisini na tisa, kisha tisini na sita. Penye ukuta wa shule, tisini na moja. Hakikulia. Mkewe alikuwa ameshika mfuko wa vitambaa kifuani, akitazama nje. Mbuzi aliweka kiganja juu ya skrini, akakiacha hapo mpaka basi liliposimama.