Mkono wa Bi Yamna

Tangu aolewe katika kijiji cha Ain Zaruna, miaka arubaini na minne sasa, Bi Yamna hajanunua kuskusi ya dukani hata siku moja, na akikutana na mwanamke aliyebeba pakiti yake humsalimu kwa sauti ya kumpa pole.

Yake huisokota mwenyewe kila mwezi wa saba, ngano ikishavunwa, ya kumtosha mwaka mzima. Siku yake ikifika wanawake wenzake huja kumsaidia, naye huwaendea siku zao. Unga wa chenga hunyunyiziwa maji ya chumvi juu ya chano kikubwa cha mti, husokotwa kwa viganja mpaka ugeuke punje, huchekechwa, hupikwa kwa mvuke, kisha hubebwa kwenda kuanikwa kwenye soko la Warumi. Hao Warumi wamekwenda zao zamani, lakini sakafu ya mawe waliyoacha hupata jua tangu asubuhi, ukuta uliobaki huzuia upepo, na kuku hawafiki. Kila nyumba ina jiwe lake. La Bi Yamna lina herufi zilizochongwa, na alionyeshwa na mama mkwe wake, ambaye naye alionyeshwa na wake. Wiki hizo Tayibu, mlinzi wa magofu, huwapitisha watalii upande wa hekalu.

"Serikali naiweza," huwaambia. "Hawa wanawake siwawezi."

Mwaka huu Bi Yamna alikuwa na mgeni. Mwanawe Munji anafanya kazi Sfax, mji wa pwani, na huko ndiko alikooa, msichana mshonaji anayeitwa Nabiha. Harusi ilifanyika kwao, huko pwani, kwa hiyo hii ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Ain Zaruna. Alikuja peke yake, Munji akisubiri likizo, na begi moja na pweza wawili waliokaushwa, zawadi kutoka kwa mama yake. Bi Yamna aliwapokea pweza kwa shukrani, akawaweka juu kabisa ya kabati, wasimtazame.

"Karibu mwanangu," alimwambia. "Hapa hapana bahari, lakini Mungu yuko."

Nabiha akacheka, na Bi Yamna akampenda papo hapo. Ndiyo maana lile jambo alilomtendea binti huyo siku ya tatu lilimuuma sana baadaye.

Inapasa kusema kwamba tangu majira ya baridi ncha za vidole vya Bi Yamna zilikuwa zimekufa ganzi. Mwanzo alidhani ni baridi. Maua ya mlozi yakaja yakaenda, joto likaingia, vidole vikabaki vilevile. Alijua ni kisukari, maana daktari alishamwonya, lakini hakumwambia mtu. Ain Zaruna mwanamke hujulikana kwa punje zake. Za Bi Yamna zilikuwa ndogo na sawasawa kama ufuta, na wenzake wakibishana bakuli fulani limetoka nyumba gani, yeye ndiye aliyeitwa kulipapasa na kuamua. Anayeshindwa na chano huhamia kwenye chekeche, mahali pa wakongwe, pembeni kivulini. Mama mkwe wake alihamia pale mwezi wa saba, na kabla zeituni hazijachumwa walikuwa wamekwisha kumzika. Bi Yamna aliiogopa ile nafasi kama mtu anavyoogopa kaburi lake mwenyewe.

Basi siku yake ilipofika aliketi mbele ya chano kama kawaida, akapiga bismillahi, akamkalisha Nabiha upande wa pili ajifunze. Jirani yake Mahbuba alikuwa kwenye chekeche, juu ya kigoda, si kwa uzee bali kwa sababu magoti yalimkatalia kukaa chini. Wanawake wawili wengine walishughulika na masufuria ya mvuke. Mikono ya Bi Yamna ilikwenda vile ilivyozoea, mbele na nyuma, mbele na nyuma, lakini chini yake hakusikia kitu. Ni kama alikuwa akisokota hewa.

Mahbuba akatikisa chekeche. Nusu ya punje zikakataa kupita.

"Yamna, mwenzangu," akasema, "hii tuipike au tuitunge shingoni? Naona shanga."

Wenzake wakacheka. Damu ikampanda Bi Yamna mpaka masikioni.

"Si mimi," akasema. "Ni mkamwana. Mikono ya mjini hiyo, imezoea sindano."

Nabiha aliinua macho. Aliutazama uso wa mama mkwe wake, akaitazama na mikono ya mama huyo iliyosimama juu ya chano, kisha akainamisha kichwa.

"Ndiyo," akasema. "Nisameheni. Ni mimi."

"Watu wa pwani mnajua pweza tu," Mahbuba akamtania. "Haya, nenda ukatuchemshie chai, huko huwezi kuharibu sana."

Nabiha akajikung'uta unga, akaenda jikoni. Bi Yamna akaendelea kusokota. Sasa alikuwa peke yake kwenye chano, na alisokota taratibu, kwa uangalifu wote aliojaliwa, huku akimwomba Mungu chini ya pumzi. Akammiminia Mahbuba mkupuo wa pili. Mahbuba akatikisa.

Shanga tupu.

Safari hii hakuna aliyecheka. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Bi Yamna hakudhani itakuwa fupi namna ile, hata chai haijachemka. Mwanamke mmoja akajifanya anachochea moto. Mahbuba akaweka chekeche chini.

"Adhuhuri imeingia," akasema kwa upole. "Tusali kwanza."

Bi Yamna akaingia jikoni kutia udhu. Nabiha alikuwa anaosha bilauri, na alimsogezea birika la maji. Maji yakapita juu ya vidole vya Bi Yamna, naye hakujua kama ni ya moto au baridi.

"Kwa nini ulikubali?" akauliza, bila kumtazama.

"Jana ulipokuwa unatoa mkate," Nabiha akasema, "kidole chako kiligusa ukuta wa tanuri. Kilikaa pale, mama. Na wewe ukawa unanihadithia habari za mbuzi wa Tayibu. Nikajua kwamba husikii."

"Ungewaambia."

"Mimi ni mgeni wa siku tatu. Nianze na kukuaibisha nyumbani kwako?"

Walisali uani, mstari mmoja. Mara nyingi Bi Yamna akisujudu huwa na mengi ya kumwambia Mola wake: Munji, mvua, marehemu mumewe. Siku hiyo alisujudu akakuta hana la kusema isipokuwa lile moja, nalo halikuwa la kumwambia Mungu peke yake. Alipogeuza uso kulia kutoa salamu, aliyeketi upande huo alikuwa Nabiha, na pindoni mwa ushungi wake bado kulikuwa na unga.

Kabla watu hawajasimama akasema, "Subirini."

Wakamgeukia.

"Zile punje ni zangu. Za kwanza na za pili. Huyu binti hana kosa, nimemsingizia, naye akanifichia. Vidole vyangu havisikii kitu tangu baridi. Sasa mmejua."

Mahbuba alikuwa anahangaika kuinuka kwa magoti yale. "Tumejua leo?" akasema. "Yamna, tunajua tangu Ramadhani. Uliniletea bakuli la supu limetoka motoni, umelibeba mikono mitupu kama umebeba paka. Mimi nililipokea nikaruka."

"Na hamkuniambia."

"Tukuambie wewe? Nani ana roho hiyo? Tukasema tungoje aseme mwenyewe. Nimekutania leo nikidhani utacheka, useme, yaishe. Kumbe ukamrukia mtoto wa watu."

Bi Yamna akafunika uso kwa ncha ya ushungi. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa kuwa alikuwa amesema nusu, akaona aseme yote.

"Mama mkwe wangu alikaa kwenye chekeche miezi mitatu tu."

"Mama mkwe wako," Mahbuba akasema, "alikuwa na miaka tisini na miwili, na alikaa pale kwa sababu ni karibu na mti wa tini. Alikula tini zote za upande ule. Mimi nimekaa pale mwaka wa sita na magoti yangu, mbona hamjanizika?"

Hapo hata Bi Yamna akacheka, kicheko cha maji maji puani. Kisha akamgeukia Nabiha, akaushika mkono wake. Alitaka kuubusu, lakini Nabiha aliwahi, akaubusu wa mama mkwe wake, kwenye kile kidole kilichobabuka.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimesamehe. Lakini Ijumaa Munji akija na gari, tunakwenda wote kwa daktari. Hilo sikuombi, mama."

"Ana ulimi huyu," Mahbuba akasema. "Nilidhani hana."

Chai ikanywewa. Ikabaki kazi, maana unga haujui kama watu wamelia, na jua la sokoni halingojei mtu. Wanawake wakarudi penye kazi wakasimama, kila mmoja akiangalia pembeni, wakimwachia Bi Yamna aamue. Alikiangalia chano. Alikaa nacho miaka mingi kuliko aliyokaa na mumewe. Kisha akavuta kigoda, akaketi kivulini, akanyoosha mikono.

"Nipe hiyo chekeche, Mahbuba. Wewe nenda kwenye mvuke, angalau huko unasimama."

Nabiha akaketi mbele ya chano peke yake. Akanyunyiza maji, akasokota, akammiminia mama mkwe wake mkupuo wa kwanza. Bi Yamna akatikisa. Kwa chekeche hakuhitaji vidole, macho na masikio yalimtosha. Akatikisa tena, akainama karibu.

"Mkamwana."

"Naam, mama."

"Leo asubuhi nilikusingizia."

"Tumeshayamaliza hayo, mama."

"Ndiyo. Lakini sasa sikusingizii. Hii ni mbaya kuliko yangu."

Mahbuba akacheka kule kwenye mvuke mpaka akashika ukuta. Nabiha akaona haya, akauliza afanyeje. Bi Yamna akafungua kinywa akakuta kwamba hajui kusema. Miaka yote ile mkono ndio uliojua, na hakuna aliyewahi kumtaka maneno. Akafikiri. Akafumba macho, akaipeleka mikono yake hewani, mbele na nyuma, akiisikiliza.

"Maji ni mengi," akasema hatimaye. "Nusu ya hayo. Na usiibane, ipitie tu juu juu, kama unampapasa mtoto aliyelala. Kiganja kiwe wazi. Hapana, wazi zaidi. Haya, hivyo."

Akairudisha ile kuskusi kwenye chano.

"Rudia," akasema, na Nabiha akarudia.