Kisigino na Radi

Mume wangu ni kinyozi. Kaka yangu alikuwa fundi cherehani, na maduka yao yalitenganishwa na ukuta mmoja tu. Tangu naolewa, walikuwa wakibishana kupitia ukuta huo. Kaka alimshabikia Kisigino, winga wa zamani aliyecheza kwenye matope na viatu vizito. Mume wangu ana Radi wake, huyu wa sasa. Nani mkali zaidi? Jamani, watu wazima na ndevu zao! Wateja walibaki wamenyolewa nusu kichwa, suruali zikapindwa guu moja.

Kaka alipougua, tukamhamishia kwetu. Daktari akatuita pembeni: hakuna la kufanya tena. Tukakubaliana asijue. Nikamwambia mume wangu, "Leo ukimnyoa, mkubalie. Ashinde mara moja tu, roho yake itulie."

Mchana ule pazia lilikuwa likipumua taratibu dirishani. Kaka, mapovu ya sabuni yamejaa kidevuni, alitazama dari. "Namwona Kisigino, shemeji. Anashuka pembeni. Na Radi yumo, leo wamekutana uwanja mmoja."

"Kisigino ni zaidi," mume wangu akasema. "Radi haoni ndani."

Kaka akamshika mkono wenye wembe. "Daktari kawaambia nini?"

Mungu wangu! Beseni la maji ya kunyolea likaniponyoka. Mlio wake ukawa jibu.

Akafumba macho, chozi likateremka mpaka kwenye mapovu. "Basi usinionee huruma. Nibishie, shemeji. Huko niendako sijui kama kuna wa kunibishia."

Mume wangu akapangusa wembe. "Kisigino wako alikuwa anapiga chenga mabeki wenye vitambi," akasema. "Kwa Radi angetafuta mpira mpaka leo."

"Thubutu!" Kaka akacheka.

Wakaendelea hivyo mpaka jua likahama ukutani. Dari ikageuka uwanja, mvua nyembamba ikinyesha, Kisigino na viatu vyake vizito, Radi akipita bila kukanyaga majani. Marehemu mama yetu alikuwa jukwaani, kanga kichwani, akipiga vigelegele bila kujua amefunga nani. Mimi nisiyejua kona wala penalti niliwaona wote.

Kaka hayupo sasa. Cherehani yake naiendesha mimi. Juzi, ng'ambo ya ukuta, mteja wa mume wangu akasema zamani hakukuwa na mpira. Nikasikia mashine ya kunyolea inazimwa. "Unamjua Kisigino wewe?" mume wangu akafoka. Mashine haikuwashwa tena; nikajua mume wangu ameugeukia ukuta, anangoja.

Nikaacha kushona. "Radi ni zaidi!" nikapiga kelele.

"Thubutu!" akajibu, na sauti ikamkatika.