Fundi wa Sauti na Sanduku Jeusi

Fundi wa sauti wa kanisa letu hapa Kiamunyi huvaa hedifoni hata wakati wa maombi. Vidole vyake havigusi mixer, mtambo wa kuchanganyia sauti, kabla ya kupanguswa kwa kitambaa cha miwani, ingawa mwenyewe havai miwani. Kando ya mixer ameweka sanduku jeusi tulilolichangia mwaka mzima. Kazi ya sanduku hilo ni kuipamba sauti ya mwimbaji na kuirudisha kwenye spika bila kuchelewa. "Milisekunde moja tu," hutuambia sisi wanakwaya, kwa sauti ya chini, kama daktari aliyeshika majibu yetu.

Jumapili iliyopita Mama Truphosa aliimba peke yake kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe. Fundi alifumba macho, akazungusha kidude kidogo cha sanduku, akakirudisha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watu walilia. Baada ya ibada mchungaji alimshika fundi mkono. "Boss, leo mama ameimba kama malaika."

"Nilimwekea joto kidogo hapo katikati," akajibu. "Bila hilo sanduku, sauti yake ni kavu sana."

Mama Truphosa, aliyekuwa amesimama hapo hapo, akamshukuru. Mimi nilikuwa nakunja nyaya za gitaa nyuma yao. Waya wa umeme wa sanduku ulikuwa sakafuni, umechomoka tangu tulipofagia Jumamosi. Sauti ya mama ilikuwa imepita jinsi ilivyo, bila kupambwa na chochote. Fundi alifuata macho yangu, akausukuma waya chini ya meza kwa kiatu, kisha akaniuliza kwa upole kama ningependa gitaa langu lisikike zaidi Jumapili ijayo.