Fundi Aliyejifunga Paja kwa Lastiki

Saa moja asubuhi, sokoni Gisenyi, Libérata Mukamazimpaka anafunua cherehani yake lakini haikanyagi kwanza. Anaweka kiganja kwenye paja la kushoto, anatulia.

"Iko inanguruma, mama?" anauliza Muhamadi, muuza vitenge wa meza ya jirani.

"Kuliko pikipiki yako! Leta kazi."

Kinachonguruma ni damu. Figo za fundi huyu wa miaka arobaini na nne zilikufa, na mara tatu kwa wiki anasafishwa damu kwa mashine. Mishipa ya mikono yote miwili iliziba, basi madaktari wakamwekea pajani, chini ya ngozi, mrija laini unaopitisha damu kwa kasi, wa kuchomea sindano za mashine. Walimwambia wazi: huu ulinde, mahali pengine pazuri hatuna.

Mwaka jana nusura aupoteze kwa maringo ya ushonaji tu. Siku ya harusi ya mpwa wake Diane, gauni lilionyesha uvimbe wa mrija.

"Mi fundi, watu wanaangalia mushono wangu," anasema. "Nikashona lastiki pana, nikajifunga paja. Nguo ikakaa bien!"

Alicheza mpaka jioni. Alipoivua lastiki akagusa paja. Kimya.

Kulipokucha Muhamadi alimpandisha basi la kwanza la Kigali. Daktari Kayitare, mpasuaji wa mishipa, aliona alama kwenye ngozi.

"Nani alikufunga hivi, mama?"

"Ni mi, docteur. Lakini mushono ulikuwa sawa."

"Mshono sawa, damu imeganda!"

Alimtia ganzi, akachana kidogo, akatoa bonge la damu, akapanua mahali palipobana. Alipoanza kufunga jeraha, mgonjwa akainua kichwa: "Docteur, huo uzi ni mwembamba, usivute sana."

Kisha akaruhusiwa kugusa. "Ikanguruma. Nililia kama mutoto."

Sasa anashona suruali pana zenye zipu pajani, sindano ipite bila mtu kuvuliwa nguo. Wagonjwa wenzake kumi na mmoja wameagiza, amemaliza nne. Anataka zote ziishe kabla ya Noeli, halafu ajishonee gauni la kucheza nalo kwenye ubatizo wa mtoto wa Diane.

"Kiunoni utie lastiki kidogo, upendeze," Muhamadi anachokoza.

"Lastiki iko kwa meza yako, inafunga vitenge. Ibaki huko huko!"

Anakanyaga cherehani.